Siku saba mkoani Tanga: pwani, mlima au mbuga?

"Tunaishi Dodoma. Mwishoni mwa Juni, shule zikifungwa, tunataka kwenda Tanga kwa siku saba, za njiani zikiwa humohumo. Tuko watano: mimi na mume wangu, watoto wawili wa miaka 12 na 8, na mama yangu mzazi wa miaka 71 mwenye pumu na magoti yanayomsumbua. Mama hajawahi kuiona bahari. Mume wangu anataka wanyama, mimi nataka msitu, watoto wanataka kuogelea. Nimeandika orodha: Lushoto, Amani, Mapango ya Amboni, Pangani, Kisiwa cha Maziwe na Saadani. Jirani yetu anasema Tanga ni mji wa siku mbili tu, zinazobaki tumalizie Lushoto. Mwingine anasema tusithubutu kumpandisha mama Lushoto kwa ile baridi, na kwamba Amani na Lushoto ni mlima mmoja, ukiona huku umeona kote. Gari letu ni dogo, la chini. Tuanzie wapi, na tuache nini?"

Karibuni Tanga, dada yangu, na nifikishie shikamoo kwa mama. Nimefurahi kwamba umeuliza mwache nini, maana wageni wengi ninaowapokea huja na orodha kama yako na hakuna aliyewaambia kwamba orodha yenyewe ndiyo itakayowachosha. Sehemu zote sita ulizotaja ni nzuri, na sitaitoa hata moja kwa ubaya wake. Taabu ni kwamba umeziandika kama vile ziko mtaa mmoja. Mkoa huu una zaidi ya kilomita za mraba 26,000, karibu sawa na nchi nzima ya Rwanda. Ndani yake kuna bahari, kuna milima inayopita mita 2,000, na kuna nyika kavu ya miiba kule Handeni, Kilindi na bonde la Mkomazi. Anayeuliza "Tanga kukoje?" anastahili kuulizwa kwanza: Tanga ipi, na mwezi gani?

Mimi huwapangia watu safari kwa mambo matatu: mwezi wanaokuja, mtu dhaifu kuliko wote ndani ya gari, na gari lenyewe. Kivutio huja baadaye. Kwenu nyinyi mwezi ni Juni inayoisha, mtu ni mama, na gari ni la chini. Mambo hayo matatu yameshajibu nusu ya swali lako kabla sijafungua mdomo, lakini nieleze kwa nini, ili hata mkija tena mwezi mwingine mjue kupanga wenyewe.

Anza na upepo. Kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba pwani yetu inavuma kusi, upepo wa kutoka kusini-mashariki unaopita juu ya Bahari ya Hindi na kubeba unyevu. Ukifika bara hukutana na Usambara Mashariki, milima ya Amani, ambayo inasimama karibu kabisa na bahari. Hewa inapanda, inapoa, na unyevu wake unageuka mawingu na mvua. Kisha upepo unashuka bonde la Lwengera na kupanda tena Usambara Magharibi, ndiko Bumbuli, Soni na Lushoto, ukiwa umeshapungukiwa. Unapofika chini upande wa pili, Mombo na nyika ya Mkomazi, hauna kitu. Ni kama kukamua nazi: Amani wanapata tui la kwanza, Lushoto tui la pili, na Mombo wanaachiwa machicha. Amani hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, Mombo hawafikii hata nusu ya hizo, na kwa ndege hapo si mbali. Ndiyo maana utashuka Lushoto umevaa sweta, migomba na mboga za majani kila upande, na kilomita thelathini na kitu baadaye uko Mombo unatafuta kivuli cha mbuyu.

Kwa hiyo yule aliyekwambia Amani na Lushoto ni mlima mmoja amekosea, na kosa hilo lina gharama. Ni majina ya safu moja iliyokatwa vipande viwili. Amani iko kwenye mita 900 hivi, ni msitu wa joto na unyevunyevu, wa miti mirefu, kuvu, vipepeo na vinyonga. Kwa sababu bahari haijaacha kuunyeshea kwa mamilioni ya miaka, una mimea na viumbe ambao hawaoti wala hawazaliani kwingine duniani. Lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu hulifuga madirishani, kwa Kiingereza African violet, lilipelekwa Ulaya kutoka milima hii, na mtu aliyelituma mwaka 1892 alikuwa mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul. Mwaka 1902 Wajerumani wakafungua Amani kituo cha utafiti wa kilimo, wakapanda miti ya kila bara, na bustani hiyo ya mimea ipo hadi leo katikati ya msitu wa hifadhi. Lushoto ni jambo jingine. Mji wenyewe uko kwenye mita 1,400, ni mlima wa watu: mashamba ya ngazi, viazi, kabichi, plamu na pichi, vijiji vya Wasambaa vilivyokaa kwenye migongo ya vilima, na historia nzito ya ufalme wa Wakilindi uliokuwa na makao yake Vuga. Anayetaka msitu aende Amani. Anayetaka kutembea vijijini, kusimama kwenye genge la Irente na kuiona nyika ya Mombo chini ya miguu yake kama amenyanyuka kwa ndege, aende Lushoto. Msitu upo Lushoto pia, Magamba, wenye mbega na ubaridi wa kutosha, lakini si ule.

Na njia ya kutoka Amani kwenda Lushoto hamtaikuta mnakofikiria. Kwenye ramani yako milima hii miwili inakaribiana hadi unadhani mtapita juu kwa juu. Kwa gari lenu mtashuka hadi Muheza, mtafuata lami hadi Segera, Korogwe, Mombo, ndipo muanze kupanda upya. Kutoka Tanga mjini hadi Lushoto ni zaidi ya kilomita 150, na thelathini na kitu za mwisho ni kona za mlimani. Ukiweka Amani leo na Lushoto kesho, umeuza siku nzima barabarani, na mama ndiye atakayeilipa kwa magoti.

Sasa baridi ya Lushoto. Jirani wa pili hajadanganya, amepotoka kidogo tu. Kadiri unavyopanda, kila mita 100 hupunguza joto kwa nusu nyuzi na zaidi kidogo, kwa hiyo Lushoto ni pungufu ya Tanga mjini kwa nyuzi kama nane, na usiku wa Juni na Julai inaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Lakini angalia mnakotoka. Dodoma yenyewe iko juu ya mita 1,100. Mama ameshazoea mwinuko, na nyinyi mnajua jinsi Juni ya Dodoma inavyouma alfajiri. Kinachobadilika Lushoto ni ukavu. Baridi ya Dodoma ni kavu. Ya Lushoto ina ukungu, shuka huwa mbichi, vyumba vya nyumba za zamani hunuka uvundo, na jioni watu huwasha kuni au mkaa ndani kupasha joto. Kwa mwenye pumu, hewa baridi ya unyevu, ukungu wa ukutani na moshi ni vitu vitatu vinavyobana kifua, na hapo vyote viko chumba kimoja. Hilo ndilo la kumwogopea mama. Kuna wazee wenye pumu wanaokaa Lushoto maisha yao yote, na kuna wengine hulala usiku mmoja wakaamka wanahema. Mimi siwezi kujua mama yako ni yupi, na wewe pia usikisie, nitarudi hapo.

Jirani wa kwanza, anayesema Tanga ni mji wa siku mbili, huyo nitagombana naye kidogo. Nadhani alipita stendi akanunua machungwa akaondoka. Tanga mjini ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imepangwa kwa namba, barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu hadi ishirini na kitu, mtoto wa miaka 12 hapotei. Watu wanaendesha baiskeli kuliko miji mingi ya nchi hii. Kwa mtu mwenye magoti mabovu sijui mji wa pwani ulio rahisi zaidi: bustani ya Jamhuri iko ukingoni mwa bahari, mtamweka mama kwenye benchi aitazame bandari na Kisiwa cha Toten, na hapohapo jirani kuna boma la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi. Mumeo mpeni hadithi ya Novemba 1914, jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India liliposhuka Raskazone, rasi ya mji huu, likidhani mji ni wake, likapigwa na jeshi dogo la kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck, na nyuki waliovurugwa mizinga wakamaliza kazi. Nyuki hao hawakuchagua taifa, waliwauma wa pande zote mbili, lakini sifa walipewa Wajerumani.

Mapango ya Amboni yako kilomita nane hivi kaskazini, barabara ya kwenda Horohoro. Watoto watayapenda, na wewe jiandae kusikia kwamba njia zake hufika Mombasa, au kwamba mbwa aliingia humo akatokea Moshi. Waliowahi kuyapima hawakupata njia inayofika hata kilomita moja. Ni mawe ya chokaa ya kale sana ambayo maji ya mvua, yakiwa na tindikali kidogo, yameyayeyusha taratibu, tone baada ya tone, na chokaa ileile ikaganda tena kwa maumbo ambayo waongozaji huyapa majina ya wanyama na vitu. Hadithi ni tamu, zisikilizeni. Ila mama asiingie: kuna sehemu za kuinama na kutambaa, sakafu huteleza, na kinyesi cha popo kina harufu na vumbi lisilomfaa mwenye pumu. Akae nje kwenye miti na mtu mmoja abaki naye.

Upande wa kusini, kilomita 17 barabara ya Pangani, kuna magofu ya Tongoni. Watu hupita bila kusimama na inaniuma. Kuna mabaki ya msikiti na makaburi kama arobaini, mengi ya nguzo, idadi ambayo hutaikuta mahali pengine pamoja katika pwani hii ya Afrika Mashariki. Kwenye baadhi ya nguzo utaona vishimo vya duara: humo palipachikwa mabakuli ya kauri ya China, yakang'olewa baadaye. Ni saa moja tu, ni tambarare, na mama anaweza kutembea. Jirani ya hapo, baharini, wavuvi wa Tanga walianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kunasa kwenye majarife samaki aitwaye silikanti, ambaye wanasayansi walidhani alikwisha pamoja na mijusi wakubwa wa kale hadi alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2009 sehemu hiyo ya bahari ikafanywa hifadhi. Usiwaahidi watoto kumwona akiogelea. Anaishi kwenye kina ambacho hata wapiga mbizi wengi hawafiki.

Pangani ni kilomita 50 hivi kutoka Tanga mjini. Mji mdogo wa kale mdomoni mwa mto, nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, ngome na maboma, na mahali ambapo Abushiri bin Salim alinyongwa na Wajerumani Desemba 1889 baada ya vita vya pwani. Mkonge uliofanya jina la Tanga ulianzia hapa karibu, Kikogwe: Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika hai ilikuwa 62. Tembeeni mjini asubuhi, vaeni vya heshima, na mkipita barazani kwa wazee msalimie. Maneno mengine mtaambiwa na wenyeji, nao hawana uchoyo wa maneno.

Hapa ndipo nizungumze bahari, kwa sababu watoto wanataka kuogelea na watu wa bara mara nyingi hudhani bahari ipo palepale saa zote. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, na kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti yaweza kupita mita tatu. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, tofauti inakuwa ndogo. Kwa Tanga na Pangani, siku za bamvua maji huwa yamekupwa mno kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kujaa alasiri mnamo saa kumi. Siku za maji mafu mambo hugeuka, asubuhi hiyohiyo maji yamejaa. Fungua kalenda ya Kiislamu: tarehe moja na kumi na tano za mwezi, au siku mbili baada yake, ni bamvua. Mkiangukia hapo, watoto waogelee alasiri, asubuhi watakuta matope, mwani na wanawake wakiokota chaza. Mkiangukia maji mafu, waogelee asubuhi. Ghuba ya Tanga imejificha, mawimbi makubwa hayaingii, ndiyo maana kwa mtoto wa miaka 8 napenda Raskazone kuliko fukwe za wazi. Mdomoni mwa Mto Pangani msimwache mtoto aingie majini hata kidogo. Mkondo wa mto na wa bahari hukutana pale, na maji ni ya rangi ya udongo, huoni mguu wako.

Kisiwa cha Maziwe ndicho kinachoniumiza kichwa katika orodha yako. Miaka ya 1970 kilikuwa na mivinje na kasa walipanda kutaga. Ni hifadhi tangu 1975. Miti ikaisha, mchanga ukakosa wa kuushika, na leo ni fungu tupu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Kwa hiyo ni safari ya saa maalumu, na bamvua ya asubuhi ndiyo bora kwake, mnaondoka mapema mnarudi kabla upepo haujapanda. Matumbawe yake ni mazuri kuyaangalia kwa miwani. Lakini mwishoni mwa Juni kusi iko kwenye nguvu zake. Boti itaruka, mtalowa, na mama mwenye magoti hawezi kupanda na kushuka boti inayoyumba mchangani. Maleleji, zile wiki za pepo kubadilika mnamo Novemba na tena Machi, ndiyo majira ya Maziwe. Juni wanaweza kwenda mumeo na mtoto mkubwa, siku yenye utulivu, wakiwa na majaketi ya kuokolea yanayowatosha. Wewe na mama mtakuwa na ufuko wenu.

Saadani nitaipita haraka ingawa mumeo atanuna. Ni hifadhi nzuri ya kipekee, tangu 2005, mahali ambapo nyika inagusana na bahari: twiga, viboko wa Mto Wami, tembo, simba kwa bahati. Lakini wanyama wake hawaonekani kwa wingi kama wa Serengeti, na barabara zake ni za udongo unaoshika maji baada ya masika. Kwenye ramani inaonekana iko mlangoni mwa Pangani. Kwa gari lenu, mwezi huo, haipo. Barabara kuu ya lami ya Tanga, Pangani hadi Makurunge, karibu na Bagamoyo, na daraja la Mto Pangani ni kazi iliyokuwa ikijengwa kwa vipande, na ikikamilika yote ushauri wangu utabadilika. Hata hivyo ndani ya hifadhi bado mtahitaji gari la juu. Mbuga ya Mkomazi nayo, ambayo mtu akisimama Mtae, ukingoni mwa Usambara Magharibi, huiona imetandazwa chini, lango lake kubwa liko Zange, karibu na Same, mkoa wa Kilimanjaro. Mwambie mumeo ahifadhi hamu yake kwa safari ya siku tatu ya peke yake, Julai mwishoni au Agosti, na gari la kukodi. Wakati huu atosheke na mbega, hondohondo na vinyonga wenye pembe wa Amani, na kama ni mtu wa kutazama kweli hatajuta.

Basi ningefanya hivi. Njia mbili zilimshinda fisi, nanyi mmeandika sita. Msihamehame. Kaeni Tanga mjini usiku zote sita, au nne Tanga na mbili za mwisho Pangani kama watoto wanataka ufuko zaidi, na msipande Lushoto safari hii. Siku ya kwanza na ya saba zimekwenda na barabara. Dodoma hadi Tanga kupitia Morogoro, Chalinze na Segera ni kama kilomita 600, ondokeni alfajiri, na mama ashuke anyooshe magoti kila baada ya saa mbili. Siku ya pili msifanye kitu. Nasema kwa makusudi, kwa sababu mtu aliyefikisha miaka 71 bila kuiona bahari anahitaji kuikalia, na watoto watakuwa wameshaingia majini. Baadaye Amboni siku moja asubuhi, mji na boma jioni. Siku nyingine Tongoni na Pangani. Na siku moja ya msitu wako: kodi gari la juu lenye dereva, Tanga au Muheza, mwende Amani na kurudi. Lami ni hadi Muheza, kilomita kama 40. Baada ya hapo kuna sehemu za udongo, na kutoka lango la Zigi kupanda juu ni kona na utelezi. Gari lenu litafika Muheza tu. Mama akipenda abaki Tanga na mmoja wenu. Akipenda kuja, aishie Zigi, ambako kuna mto, kivuli na nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni ya kijireli cha Wajerumani. Mvua ikizidi siku hiyo, msilazimishe. Msitu wa Magoroto, juu ya Muheza, wenye ziwa dogo, ni mbadala wa karibu, nao pia unataka gari la juu. Njiani Muheza nunueni machungwa, Juni ndiyo msimu wake, na msinunue kwa muuzaji wa kwanza.

Najua utasema: yaani tufike hadi Korogwe tuiache Lushoto? Kuna sababu ya kuichagua, nami sitaki kuificha. Kama daktari atasema kifua cha mama kiko imara, na kama kwako milima ni kubwa kuliko bahari, basi fanyeni usiku wa kwanza Korogwe au Mombo, usiku mbili mlimani, tatu Tanga, na Amani muiache kabisa. Katika hali hiyo laleni Soni badala ya Lushoto mjini, ni chini kidogo, si ya baridi kali. Omba chumba kinachopata jua, bila madoa ya ukungu ukutani, na usiruhusu jiko la mkaa kuingizwa ndani, si kwa ajili ya pumu tu bali kwa sababu hewa yake inaua watu waliolala. Na msipande zile kona za Mombo usiku. Ukungu hushuka ghafla, malori ya mboga yanateremka, na upande mmoja ni korongo. Lakini mkibaki huru kuchagua mwezi, leteni mlima Septemba au Januari, hewa ikiwa kavu na anga wazi, na Irente mtaiona yote. Juni mara nyingine mtu hufika pale akaona ukungu mweupe tu.

Kuhusu Handeni, Kilindi na Mkinga hukuuliza. Zina uzuri wake kwa anayetafuta historia ya Wazigua au vijiji vya Wadigo, ila si kwa familia yenye siku tano.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyamaliza, na mengine ni ya kuonana ana kwa ana. La kwanza ni mama. Wiki mbili au tatu kabla ya safari mpelekeni kwa daktari anayemtibu, asikilizwe kifua, na aulize mambo mawili waziwazi: je, anaweza kulala mahali pa baridi yenye unyevu, na dawa zake za kuvuta zinatosha siku kumi? Zibebwe mkononi, si kwenye buti la gari. Akianza kukohoa usiku, kuhema akizungumza, au dawa ya kuvuta isipomtuliza, msisubiri asubuhi. Mkiwa Tanga mjini hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, iko karibu, na hiyo ni sababu yangu nyingine ya kutaka mlale mjini.

La pili ni bahari. Nahodha wa Pangani ndiye anayeijua kusi ya asubuhi hiyo, siyo mimi wala simu yako. Nendeni mkamwone siku moja kabla, muone boti, mhesabu majaketi, muulize maji yatapwa saa ngapi. Akisema leo hapana, msimshawishi kwa pesa, na msimtafute mwingine atakayesema ndiyo. Kwa Amani, pitieni lango la Zigi mkachukue mwongozaji wa hifadhi; njia za ndani hazina alama za kutosha kwa mgeni, na jicho lake ndilo litakalomwona kinyonga, la mumeo halitamwona.

La tatu ni malaria, na hapa watu wa Dodoma hujisahau. Mkoa wenu una maambukizi machache, miili yenu haijazoea. Pwani na tambarare za Muheza na Korogwe mbu wapo mwaka mzima, na baada ya masika huwa wengi. Kule juu Lushoto hupungua kwa sababu ubaridi huchelewesha vimelea kukomaa ndani ya mbu, lakini njia ya kwenda huko inapita bondeni, na usiku mmoja wa Korogwe unatosha. Muulize daktari yuleyule wa mama kama kuna anayehitaji dawa ya kinga. Beba chandarua chako cha watoto, maana vya gesti vingine vina matundu, na jioni wavalishe mikono mirefu. Mkisharudi nyumbani, homa yoyote ndani ya wiki chache, ya mtoto au ya mtu mzima, msiiite mafua ya vumbi la Dodoma. Nendeni mkapime siku hiyohiyo, na mumwambie anayewapima kwamba mlilala Tanga.